Majilio ya Nangila

Kwa miaka tisa Nangila alikuwa katekista wa kanisa dogo karibu na Mabanga, na hakuna aliyeyafundisha Majilio, zile wiki nne za kuingoja Krismasi, kama yeye.

"Krismasi si kuku na chapati," angewaambia watoto na wazee sawasawa. "Mgeni anakuja. Huwezi kufagia sebule halafu takataka ukazisukuma chini ya kitanda."

Mwaka huu maneno yake mwenyewe yalimshika. Miaka ishirini na sita iliyopita, akiwa msichana wa darasa la nane, alizaa mtoto. Shangazi yake wa Kitale alimchukua yule mtoto akamlea kama wake. Nakhumicha, ndilo jina lake, sasa ni mwalimu wa chekechea hukohuko Kitale, na alizoea kumwita Nangila dada. Shangazi ameshafariki. Mume wa Nangila naye alizikwa bila kujua.

Jumapili ya kwanza ya Majilio, mshumaa wa zambarau ulipokwisha kuwashwa, Nangila alikwenda kwa Rahab. Walikuwa marafiki tangu waolewe kijiji kimoja. Rahab ndiye aliyemshika asianguke siku mumewe aliposhushwa kaburini. Wakipukuchua mahindi, Nangila alimweleza yote. Alilia, akasema kabla ya Krismasi atapanda gari hadi Kitale kumwambia msichana ukweli.

"Nimekusikia," Rahab alisema, akimpangusa machozi kwa leso yake. "Hii inaishia hapa."

Haikuishia hapo. Jumapili ya tatu mwenyekiti wa kanisa alimvuta pembeni kabla ya misa.

"Mwalimu, ati kuna mambo tumesikia. Pumzika kwanza."

Alipoingia, Rahab alikuwa amesimama mbele ya watoto, ameshika daftari la Nangila, anasoma mwandiko wa Nangila. Nangila akaketi benchi la nyuma. Misa ilipoisha alimfuata.

"Rahab, nilikukosea nini?"

"Si wewe ulitufundisha kusafisha? Mimi nimekusaidia tu."

Kesho yake asubuhi Nangila alifika Kitale. Nakhumicha alifungua mlango, hakumkaribisha kiti.

"Rahab alinipigia simu Jumatano," alisema. "Ati ananipa pole. Mimi nikamuuliza, pole ya nini?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia mwenyewe."

"Umekuja Kitale mara ngapi? Umelala hapa, tumepika pamoja." Bado alikuwa ameushika mlango. "Kila mwaka unafundisha watu kumngoja mtoto. Mtoto wako alikuwa hapa."

Njia nzima Nangila alikuwa amejihesabu yeye ndiye aliyesalitiwa.

"Rudi tu nyumbani," Nakhumicha alisema. "Nikiwa tayari nitapiga."

Krismasi Nangila alikwenda misa kama watu wengine. Wakati wa kutakiana amani Rahab alivuka safu tatu kuja kumpa mkono, watu wakitazama. Nangila aliupokea. Moyo ulikataa, na hakuulazimisha.

Simu ya Kitale ililia katikati ya Januari. Nakhumicha hakusalimia.

"Nilizaliwa saa ngapi?"

"Alfajiri," Nangila alijibu, akikaa chini polepole. "Watu wakitoka kwenda kupanda. Jina nilikupa mimi, la msimu wa kupanda mbegu, kabla hawajakuchukua."

Nakhumicha hakukata simu.