Udongo wa Njia ya Jirani

Mjukuu wangu wa kike anayesoma chuo alikuja hapa Usoke wakati wa mvua, na vichupa na kijiko. Kazi yao ni kutafuta dawa mpya ya malaria kwenye udongo. Akanieleza kwamba udongo una vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinauana vyenyewe kwa sumu, na wao huijaribu sumu hiyo kwenye damu yenye malaria. Dawa za sasa, malaria imeanza kuzizoea. Nikamwambia haya, chota.

Akachota nyuma ya bani la kukaushia tumbaku, akachota kichuguuni, kisha akachota kwenye njia inayoingia kwa jirani. Hapo alikosea. Kwetu udongo uliokanyagwa na mtu hauchotwi. Anayechota nyayo za watu ni mchawi.

Jirani akatoka na mwiko mkononi.

"Bibi, huyu anachukua nyayo za mwanangu! Akiumwa mtanijibu!"

"Akiumwa mpeleke zahanati. Udongo haupandishi homa."

Nilisema hivyo, na kesho yake binti yake mdogo akaanza kutetemeka kwa homa. Watu wakajaa uani kwangu. Mjukuu analia, anataka kumwaga vichupa vyote.

"Ukimwaga, umekiri," nikamwambia. "Kaa hapo umenye viazi, mke mwenzangu."

Nikaenda kwa jirani, nikambeba mtoto mgongoni mwenyewe. Mama yake akanifuata, ananitukana njia nzima.

"Unambeba uliyemroga!"

"Tukana, lakini tembea."

Zahanati wakamtoboa kidole mtoto, wakapima. Malaria. Wakampa dawa. Siku zile sikula vizuri, maana mtoto angekufa, mjukuu wangu asingetoka hapa salama.

Kisha asubuhi moja nikamsikia yule mtoto anapiga kelele, hataki kuogeshwa. Kelele za mtoto mzima wa afya! Nikakaa kizingitini, nikamsikiliza. Mungu ashukuriwe.

Jirani hakuomba radhi. Alileta maziwa ya mgando, akamgeukia mjukuu.

"Hivyo vijidudu vyenu vimeshaiua hiyo malaria?"

"Bado, shangazi. Kwanza tunaviotesha, tuone."

"Otesheni basi! Mnangoja nini?"

Nikamsindikiza mjukuu stesheni. Treni ikaondoka naye, na vichupa vyake vyote. Nikarudi nyumbani, nikalala mchana kweupe, mimi ninayewafokea wengine kwa kulala mchana.