Mbuzi wa Marietha

Marietha Mughwai, Mama Pendo kwa majirani zake, alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini, katika darasa la watu wazima, na tangu hapo alisoma kila kilichoandikwa: karatasi za sabuni, magunia ya mbolea, misalaba ya makaburini. Alisoma kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Majirani walimtania kwamba hata kuku wake akiandikwa mgongoni angemsoma kabla ya kumchinja.

Kijiji chao kiko pembeni ya msitu wa Mgori, na njia ya kisimani hupita mbele ya ghala la ushirika. Marietha alilijua ghala lile lilipojaa alizeti mpaka milango ikagoma kufungwa. Alilijua pia lilipobaki tupu, miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, wafanyabiashara walipoanza kuja na malori na kununua alizeti shambani kabla haijakauka vizuri. Karani wa ushirika alirudi kwao. Popo wakahamia. Mwaka 1993 ghala likapangishwa kwa mtu aliyeshuka kwenye basi akiwa na begi moja na kipaza sauti.

Jina lake lilikuwa Melkizedeki, watu wakamwita Mtumishi. Aliandika ukutani kwa chokaa kwamba anaombea wagumba, walevi, wezi, na wasichana wanaokataa wanaume.

Hayo ya mwisho ndiyo yaliyomvuta Chediel, jirani yake Marietha. Binti yake, Damari, alikuwa fundi wa cherehani mwenye miaka ishirini na mitatu, mcheshi, na alikuwa amekataa wachumba watatu. Alipanga chumba karibu na mashine ya kusaga pamoja na mwenzake Eliana, na watu walianza kusema kwamba wawili hao wanaishi kama mke na mume. Chediel hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye aibu, na aibu ilikuwa imemnyima usingizi. Alimwita binti yake nyumbani kwa uongo kwamba mama yake anaumwa, kisha yeye na vijana wawili wa Mtumishi wakampeleka ghalani. Chediel aliambiwa asubiri siku arobaini, atarudishiwa mtu mwingine.

Kijijini kulikuwa na sheria ya yowe, ya zamani kuliko serikali. Yowe likipigwa, kila anayelisikia huacha alichoshika akakimbilia huko. Asiyekwenda hutoa mbuzi. Wezi wa ng'ombe ndio walioifanya iwe kali. Lakini Mtumishi alikuwa ametangaza kwenye kipaza sauti: "Mkisikia kilio humu ndani, msishtuke. Anayelia si binti yenu, ni pepo." Watu wakaridhika. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba yowe la pepo lina mbuzi.

Jumanne wanawake walikuwa wakitoka kisimani kilio kiliposikika.

"Leo amechachamaa huyo pepo," alisema Rahel, akisawazisha ndoo kichwani.

"Anatafuta mlango, mwache atoke!" alidakia mwenzake.

Wakacheka. Marietha naye akacheka, akaenda nyumbani na maji yake. Hofu angeweza kujisamehe. Kicheko kile hakuweza.

Asubuhi alitoka mapema, akasimama mbele ya mlango wa ghala. Pale palikuwa bado pamebandikwa sheria ndogo za kijiji, zimepigwa taipu, zimepauka kwa jua. Alizisoma kwa kidole mpaka ya nne: kila atakayesikia yowe atakwenda. Nyuma ya mbao za mlango mtu alikuwa anapumua.

"Damari?"

Sauti iliyokauka ikajibu: "Shikamoo, Mama Pendo."

Marietha aliegemea mlango.

"Marahaba, mwanangu. Wanakupa kula?"

"Maji, jioni. Wananifukiza moshi wa pilipili. Wananichapa. Mwambie Eliana niko hapa, asidhani nimemkimbia."

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mtendaji wa kijiji. "Baba yake ndiye aliyempeleka," alisema mtendaji. "Hayo ni mambo ya familia. Nani analalamika?" Akaenda kwa Chediel. Chediel hakumkaribisha kiti. "Mambo ya nyumba yangu niachie, Mama Pendo."

Alhamisi baraza la kata lilipoketi, Marietha aliingia uwanjani akivuta mbuzi.

"Unamshtaki nani?" aliuliza mwenyekiti, Mzee Paskali.

"Marietha binti Mughwai."

Watu wakaangua kicheko. "Wewe mwenyewe?"

"Ndiye huyo huyo. Jumanne alisikia yowe ghalani, akacheka, akaenda zake na ndoo. Mbuzi wake huyu hapa."

"Lile halikuwa yowe, mama. Mtumishi alisema ni pepo."

"Basi andikeni hivyo. Andikeni kwamba hapa kwetu mtu akilia, kwanza tumuulize aliyemfungia kama huyo ni mtu. Kesho mwizi wa ng'ombe naye atasema ni pepo anayelia, tuendelee kulala."

"Huyu mama ana mdomo!" mtu alisema nyuma.

"Na pepo mwenyewe jana aliniamkia. Shikamoo, Mama Pendo. Amefungiwa, ana njaa, ameamkia. Wajukuu zako wanakuamkia vizuri hivyo, Mzee Paskali?"

Kicheko kilianza, kikafia njiani. Kila mtu pale aliona mbuzi yule alikuwa na maana gani. Baraza likimpokea, limekubali kwamba ni yowe. Na kama ni yowe, wote waliolisikia wana hatia, na bado wanatakiwa kwenda. Nyumba ya Mzee Paskali ilikuwa hatua sitini kutoka ghalani.

"Mpokeeni," alisema. Akachukua fimbo yake. "Mgambo, twendeni."

Mtumishi alisimama mlangoni. "Mzee, mimi simchapi binti. Namchapa pepo."

"Na alama ziko mgongoni kwa nani? Fungua."

Damari alitoka ameziba macho kwa mkono, kwa sababu ya jua. Chediel alikuwa amekwisha kufika, anahema.

"Mama Pendo," alisema, "wewe unajua huyu anapenda nini?"

"Sijui. Ila najua anaogopa nini. Mtazame anavyokutazama."

Damari hakwenda kwa baba yake. Alielekea mashine ya kusaga, aliko Eliana, na Marietha alimfuata nyuma, amemfunika mgongo kwa khanga yake. Mtumishi alipanda basi kabla kesi yake haijasomwa.

Mwezi uliofuata mkutano mkuu wa kijiji uliongeza sheria: mtu asifungiwe, asifungwe kamba, asinyimwe chakula wala kupigwa ili abadilishwe alivyo, iwe kanisani, msikitini, kwa mganga au kwa baba yake. Atakayesikia amwambie balozi wa nyumba kumi. Balozi akiwa ndugu, aende kwa mtendaji. Mtendaji akisema ni mambo ya familia, aende zahanati au baraza la kata, na jina lake halitasomwa mbele ya watu. Kipande kinachomtaja mtendaji alikitaka Marietha. Mtendaji mwenyewe ndiye aliyekiandika, ameinamisha kichwa, huku wanawake wakimwambia aandike kwa herufi kubwa.

Damari na Eliana walihamia Manyoni, wakafungua chumba cha kushona karibu na stesheni. Mwaka ukapita. Jioni moja Chediel alikuja uani kwa Marietha na bahasha ambayo haijafunguliwa. Hakujua kusoma, na katika kijiji kizima hakumpata mwingine wa kumpelekea, au hakumtaka mwingine.

Marietha alimpa kiti. Akafungua, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Shikamoo baba," alisoma.

Akaacha kidole pale pale, akasubiri. Chediel aliitazama karatasi muda mrefu, kana kwamba inamtazama.

"Marahaba," alisema.

Ndipo Marietha akasogeza kidole.