Kikohozi Nilichokiita Kimeo

Mjukuu wangu wa miaka mitatu alikohoa wiki mbili, na mimi nikasema ni kimeo. Nimelea watoto saba, nani angenifundisha? Kile kinyama kinachoning'inia kooni kikirefuka, kwetu tunakikata. Nikapatana na fundi wa kukata, mzee mwenzangu wa hapa Kasense.

Mkwe wangu, mama wa mtoto, akakataa. "Mama, hospitali kwanza."

"Nenda wakupe dawa tamu, urudi."

Siku moja kabla ya kukatwa, mtoto aliamka kifua kinapiga filimbi, mbavu zinaingia ndani. Nikambeba mgongoni mwenyewe, tukaenda mjini na mama yake.

Tulielekezwa kwa daktari wa masikio, pua na koo za watoto. Nikamkuta binti mwembamba. "Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

Nikaitikia kwa shingo upande.

Akasikiliza kifua kushoto, kisha kulia. Akarudia kulia. Akakunja uso.

"Kikohozi kilianza mkifanya nini?"

"Tukipukuchua mahindi. Alikuwa anacheka, akapaliwa. Nikampiga mgongoni, akanyamaza."

"Mdomoni alikuwa na nini?"

"Mtoto gani hatii punje mdomoni? Ni kimeo hicho. Kikate tu."

Akawasha tochi yake, akafungua kinywa chake mwenyewe. "Chungulia, bibi."

Nikachungulia. Hapakuning'inia kitu.

"Nilikatwa kwetu Mwazye, umri kama wa huyu. Damu ilitoka mpaka mama akanifunika kanga, akidhani nimekwisha. Na kikohozi kikabaki palepale, kumbe kilikuwa cha kifua. Ndiyo maana nikasomea koo. Huyu umeshamkata?"

"Bado. Ilikuwa kesho."

"Basi asante kwa kuchelewa."

Akasema punje imeingia njia ya hewa, pafu la kulia halipati pumzi. Atamlaza usingizi, apitishe bomba jembamba, aikamate.

"Na ikiponyoka?"

"Inaweza kuziba pande zote mbili." Alikuwa ananitazama usoni. "Kwa hiyo sitaiachia."

Tukakaa kwenye benchi, mimi na mkwe wangu. Nilitamani anitukane, angalau nijitetee. Mlango ukifunguliwa tunasimama wote wawili; anapita muuguzi, tunakaa. Nilijaribu kusali, nikakwama katikati ya Baba Yetu, sala niliyoijua tangu utoto.

Daktari akatoka na kichupa. Ndani yake punje moja, nyeupe, imevimba.

"Mahindi yako haya, bibi."

Nyuma yake mtoto akalia, sauti inakwaruza. Mkwe wangu akakimbilia ndani. Mimi nikapokea kichupa.

Tuliporudi nikapita kwa fundi, nikamwonyesha kichupa. Akakitazama akakirudisha. "Huyo ana bahati tu."

"Bahati yake ni mama yake," nikamjibu. "Mimi ningekuletea."

Mkwe wangu mwenyewe sijamwambia neno hilo. Kila nikitaka, namwagiza maji.