Sehemu Mbili Zilizobaki

Tarehe tatu Septemba, saa nne asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Ulikuwa moyo. Tamthilia aliyokuwa akiiangalia na dada yake ilikuwa imebakiza sehemu mbili.

Naziandika habari hizi mbili pamoja kwa sababu ndivyo zilivyonijia. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali na mfuko wa nguo zake mkononi, na wazo la kwanza lililonipata lilikuwa hili: wifi yangu atajua bomu la tamthilia ile lilitegwa na nani, na anajua mume wangu alikuwa akimshuku nani, na mimi sijui lolote kati ya hayo mawili. Nilimwonea wivu kabla sijalia.

Tulikaa huku ughaibuni, ghorofa ya kumi na moja, Dixon Road, ambako ndege zinashuka karibu hata huzisikii tena. Mume wangu aliendesha teksi ya uwanja wa ndege mpaka moyo ulipoanza kumsumbua na daktari akamkataza usukani. Mimi nasafisha vyumba katika hoteli huko huko uwanjani, zamu ya mchana. Hatukujaaliwa mtoto. Wifi ni mdogo wake, hana mume, anakaa kule mtaa wa Jane na Finch na anafanya kazi ya ofisi asubuhi tu. Kaka yake alipokaa nyumbani, alianza kuja kila mchana, mabasi mawili kuja na mawili kurudi, ili kaka asibaki peke yake. Nilimshukuru. Nalitaja hilo mapema ili isidhaniwe nilikuwa na roho mbaya tangu mwanzo.

Tamthilia aliileta yeye. Inahusu vijana wanane wanaosomea ukachero wa serikali kuu ya Marekani. Wanalala bweni moja, wanafundishwa shabaha, kumhoji mtu, kusoma alama za vidole. Siku wanayohitimu, bomu linalipuka katika jengo la mahakama, watu wanakufa, na inajulikana kwamba aliyelitega ni mmoja wa wale wanane. Kuanzia hapo kila sehemu inakwenda mbele na kurudi nyuma. Mara wako baada ya bomu, wanahojiwa mmoja mmoja. Mara wako bado bwenini, wanataniana.

Mimi nilimaliza darasa la saba Korogwe. Kiingereza changu ni cha kazini: taulo, shuka, samahani, chumba kiko tayari. Mume wangu alifika kidato cha nne na wifi kidato cha sita, halafu akasoma tena hapa. Siku moja ya mapumziko yangu nilikaa nao. Nikamwona kijana ambaye tulimzika sehemu iliyotangulia amekaa kantini anakula mkate.

"Huyu si alikufa?" niliuliza.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wifi, kafufuka! Mwambie airudishe sanda ya watu."

Mume wangu naye alicheka, kisha akajizuia. Akanieleza kwa upole kwamba pale ni nyuma, kabla ya bomu, nitazame mashati: wakiwa na mashati ya bluu ni masomoni. Alinieleza vizuri sana. Lakini alikuwa amekwisha kucheka. Nikasema nakwenda kutazama wali, na sikukaa nao tena.

Basi nikawa nasikiliza kutoka jikoni siku ambazo sikuwa zamuni.

"Binti huyu," mume wangu alisema. "Mtu anayemchemshia kila mtu chai ana jambo lake."

"Kaka, wiki iliyopita ulisema yule wa miwani."

"Wiki iliyopita nilikuwa mjinga."

"Na wiki hii?"

"Wiki hii nina ushahidi. Ona anavyofunga mlango. Mtu safi hafungi mlango polepole hivyo."

"Basi hata wifi ni gaidi, maana hufunga hivyo hivyo."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nakatakata kitunguu. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa sikuwahi kuisikia sauti ile ya mume wangu, ya mtu anayetaka kushinda mchezo. Na mimi alizungumza juu ya dawa, chumvi kidogo, nani kafariki Tanga. Kila niliporudi kutoka kazini na kufungua mlango, alikuwa akiisimamisha tamthilia na kusema, "Mke wangu kachoka, tumwache apumzike." Alisema kwa huruma. Mimi nilisikia kama mgeni amebisha hodi na watu wamenyamaza.

Ukimwonea wivu hawara, majirani watakuja kukusaidia kumsema. Ukimwonea wivu wifi, utaambiwa huna haya, yule ni damu yake. Kwa hiyo nilikaa nao wivu wangu kimya, nikafanya vijambo vya kitoto. Nilikuwa nikiosha sufuria kwa kelele pale wanapohojiana. Siku moja nilitoa betri za rimoti nikaenda nazo kazini zikiwa mfukoni mwa aproni. Jioni niliporudi walinisimulia jinsi walivyosumbuka, wifi akapiga magoti nyuma ya televisheni kutafuta kitufe, kaka yake akimwelekeza kwa fimbo kama mwalimu, na kwamba hawajacheka hivyo tangu wazaliwe. Nikazirudisha betri usiku ule ule.

Mwishoni mwa Agosti alilazwa. Zilikuwa zimebaki sehemu mbili. Mbele yangu, akiwa na mirija puani, alimwambia dada yake, "Usiziangalie bila mimi."

"Wallahi, kaka. Nakusubiri."

Mimi hakuna aliyeniapisha. Hakuna aliyefikiri kwamba naweza kuziangalia.

Baada ya mazishi nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, kama inavyopasa. Kazini walinielewa. Wanawake wa jengo na wa msikitini walikuja kwa zamu na vyakula, tukasoma khitma. Baada ya siku ya saba nilichukua shuka jeupe la kitandani nikaifunika televisheni, nikachomeka ncha zake nyuma. Walioliona wakanong'ona kwamba mjane huyu ana adabu, siku hizi wanawake wanakaa eda na tamthilia mkononi. Habari ikafika mpaka kwa watu nisiowajua. Nilisifiwa.

Ukweli ni kwamba nilimfunikia wifi. Nilijua ameapa kwa marehemu, na kiapo cha marehemu kingemzuia kuziangalia nyumbani kwake. Mahali pekee ambapo angeweza kuomba ni kwangu, akae kwenye kochi lile lile, aseme tummalizie kaka kazi yake. Sikutaka. Nilitaka sehemu zile mbili zisionwe na mtu mpaka mimi niwe tayari, na niwe nimekaa hapo, safari hii mimi ndiye ninayeulizwa.

Alikuja kila siku, kama alivyokuwa akimjia kaka yake. Sisemi uongo, bila yeye nisingekula. Tulimenya viazi, tukakunja nguo za marehemu za kugawa, tukakaa kutazama shuka.

"Wifi, hata taarifa ya habari?" aliniuliza siku moja.

"Hata taarifa ya habari."

Bibi mmoja anayefundisha wanawake msikitini alinisikia akatikisa kichwa. "Mwanangu, eda inakukataza mapambo, manukato na kutokatoka bila haja. Televisheni haimo. Usijibebeshe ambalo Mungu hakukubebesha."

"Najua, bibi. Ni moyo wangu tu."

Akaniwekea mkono kichwani akaniombea dua ndefu kwa huo moyo wangu. Nikaitikia amina. Sijawahi kuona aibu kama ile, na bado sikuliondoa shuka.

Eda yangu ilikwisha Januari. Nilioga, nikabadili nguo, nikaswali. Wifi alikuja na udi na chupa ndogo ya manukato, akanifukiza mwenyewe huku akinitania kwamba nimekonda nguo zote zitanikataa. Tulikula pilau. Kisha nikasimama, nikalivuta shuka, nikalikunja mara nne.

"Haya," nilisema. "Zile mbili."

Nilitazamia afurahi. Akatazama mikono yake.

"Wifi, mimi nimeziona."

"Lini?"

"Zamani. Kaka yu hai. Nilikuwa naziangalia kwenye simu, ndani ya basi, halafu nakuja kuziangalia naye kama ndiyo kwanza. Tangu sehemu ya tatu. Sikuweza kusubiri."

"Kwa hiyo kila alipokisia ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukaapa."

"Nikaapa." Akaanza kulia. "Na yeye alijua, wifi. Siku mbili kabla hajafa, wewe umekwenda kuongea na nesi, akaniambia, 'Mdogo wangu, wewe subira huna tangu utotoni, nijuavyo umeshaziona. Niambie nani.' Nikamwambia sijui. Nilidhani nikimwambia hatakuwa na kitu cha kusubiri. Nikimnyima jina angesubiri, asingekufa. Akanitazama tu, akageukia ukuta. Amekwenda hajui. Ningemwambia jina moja tu."

Mtu mwema angemkumbatia pale pale. Mimi nilikaa. Nilikuwa nimeifunika televisheni miezi minne dhidi ya mtu ambaye alikwisha kuiona yote, lakini hilo halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mume wangu alimjua dada yake kiasi cha kumkamata katika uongo akiwa kitandani na mirija puani, na kwamba hata kosa lile, kosa la kumnyima jina, lilikuwa lao wawili. Mimi nilikuwa nimekwenda kuongea na nesi.

"Mwisho alimshuku nani?" nilimuuliza.

"Binti wa chai. Hakumwacha tena."

"Alikuwa sahihi?"

Akafungua kinywa.

"Usiniambie," nilisema. "Nenda nyumbani, wifi. Nitaangalia mwenyewe."

"Peke yako? Zile za mwisho wanaongea haraka, Kiingereza cha—" Akavaa koti, akainama kufunga buti polepole, buti moja kisha nyingine, nadhani akingoja nimwambie abaki. "Haya, wifi," alisema, na nikausikia mlango wa lifti.

Niliziangalia zote mbili mfululizo. Nilitazama mashati, bluu na si bluu, na sikupotea. Haikuwa binti wa chai. Alikuwa kijana mwembamba ambaye sikumbuki hata kumsikia akitajwa jikoni, yule aliyekuwa wa mwisho siku zote kwenye shabaha. Binti wa chai ndiye aliyemkuta kwenye maktaba ya chuo na kumwelekezea bastola. Kijana akaongea dakika nyingi sana. Nilirudisha mara tatu. Nilishika neno hapa na neno pale: mwalimu, saa, mimi, mimi. Binti akalia, akashusha bastola. Halafu majina yakaanza kupita.

Nilikuwa nimejua ni nani. Sikujua kwa nini. Mtu ambaye ningemuuliza amekufa, na mwingine nilikuwa nimemfukuza.

Nilikaa kidogo na kiburi changu, kisha nikachukua simu.

"Uko wapi?"

"Chini. Kwenye benchi la ukumbini."

"Mabasi hayajaja?"

"Yamekuja."

Ilikuwa imepita saa moja na nusu.

"Panda," nilisema. "Nimeona ni nani. Sijaelewa kwa nini."

Alipanda na koti lake, akakaa ukingoni mwa kochi na buti zake miguuni, akanieleza. Kijana yule alikuwa karibu kurudishwa nyumbani kwa kufeli. Alilitega bomu ili alivumbue yeye mwenyewe, apige kengele, watu watolewe, na mwalimu mkuu aseme mbele ya wenzake wote kwamba huyu ana jicho. Hakutaka kumuua mtu. Saa aliyoiunganisha ilikosea, likalipuka kabla.

"Kwa hiyo alitaka tu aonekane," nilisema.

"Alitaka aonekane."

Kisha akasema, "Kaka asingekisia hili hata tungerudia tangu mwanzo."

"Angekisia."

"Wifi! Kila wiki alikuwa na mtu mpya. Humjui kaka yangu."

"Na wewe humjui mume wangu. Angefika pale maktaba angejua kabla ya huyo binti."

"Kwa alama gani?"

"Kwa jinsi kijana alivyoingia. Hakumtazama mtu machoni."

"Alimtazama."

"Hakumtazama."

Akavua buti. "Rudisha pale anapofungua mlango," alisema. "Nikuonyeshe."

Nikarudisha.