Buldogi niliyemchagua kwa sura

Jamani, leo nimeaibika na mpaka sasa kukaa chini nimeshindwa.

Yule mbwa wangu, buldogi, mnamkumbuka? Nilimchagua kwa sura tu. Uso umekunjamana, pua imebonyea, kama askari aliyenyimwa likizo. Nikasema huyu ndiye, maana wakimbizi kutoka Burundi wanapita kando ya migomba yangu hapa Kirushya, na mimi niliwaogopa.

Basi nikafanya kama tunavyofanya wote huku: mchana namfungia bandani ili akitoka awe mkali.

Banda lenyewe la bati. Na jua la leo mmeliona.

Saa saba nasikia vishindo uani. Natoka mbio na panga, najua ni wezi.

Kumbe ni mama mmoja mkimbizi, mtoto mgongoni. Amefungua komeo, amemvutia mbwa kivulini, anammwagia maji ya dumu lake.

"Amazi, baba! Leta maji mengine! Pua fupi hii haivuti hewa!"

Nikatupa panga, nikakimbilia pipa. (Ndiyo, mimi mwenye nyumba, natumwa.)

Mbwa anakoroma, ulimi umekuwa bluu. Tukammwagia, tukampepea kwa jani la mgomba, mpaka akasimama.

Yule mama alikuwa anapita tu, akasikia mkoromo. Nikamshukuru, akaenda zake kwa njia ya Rulenge.

Banda nimeshalibomoa.

Ila sasa hivi ndiyo nimekumbuka: yale yalikuwa maji ya mtoto wake, na dumu sikulijaza.

Natoa baiskeli. Mlioko njia ya Rulenge, mkimwona, mwambieni anisubiri.