Mlango wa Kanisa na Mstari wa Ziwa

Mimi na vitu vilivyopinda hatupikiki chungu kimoja. Hata ukweni huwa nanyoosha picha za ukutani kabla sijakaribishwa kiti, na maharusi wengi wa Mbinga wananijua kwa kuwasukumasukuma wajomba zao mpaka pande mbili zilingane. Kwa hiyo nilipopasuliwa mtoto wa jicho, tena jicho la kulia, lile ninaloliweka kwenye kamera, sikuogopa upofu. Niliogopa kuona kombo bila kujua. Mpiga picha wa namna hiyo bora afunge studio, achome mahindi.

Kazi ya kwanza baada ya kutoa bandeji ilikuwa kanisa moja la zamani huku chini ziwani. Walitaka picha ya kalenda. Katekista, mzee mpole, aliitikia shikamoo yangu, akanipitisha mlango wa pembeni. Nikaupa mgongo mlango mkubwa uliofungwa, nikaielekeza kamera altareni: nguzo huku, nguzo kule, mabenchi pande zote, msalaba katikati. Majengo ya aina hii hayataki ujanja. Unasimama katikati, basi.

Nikapiga. Upande wa kushoto ulikuwa umezama. Nikarekebisha miguu ya stendi, nikapiga tena, ukazama vilevile. Nikaikagua picha kwenye kioo cha kamera, lakini mkaguzi ni jicho lilelile. Jasho likanitoka. Nilimchukia daktari wangu, mtu aliyenitendea wema, na nikaanza kuwaza ni nani atanunua kamera zangu.

Nikaenda kuketi kwenye ngazi ya altare, nikiuelekea mlango mkubwa.

"Pumzika, mama," katekista alisema. "Joto la huku si la Mbinga."

"Si joto, baba. Nadhani jicho limenikataa."

Akaenda kuufungua mlango mkubwa ili upepo uingie.

Nje kulikuwa na ziwa. Siku hiyo milima ya ng'ambo haikuonekana, maji yalikutana na mbingu kwa mstari mmoja tu. Mstari ule ulikuwa umelala sawasawa. Fremu ya mlango ndiyo iliyoinama juu yake, sasa kwa mkono wangu wa kulia, yaani upande uleule wa jengo. Kama jicho ndilo bovu, ziwa nalo lingeinama.

Nilicheka kwa sauti, humo humo kanisani.

"Baba, kanisa lenu limepinda."

Akarudi, akasimama kando yangu, akatazama kwa utulivu. "Wazee walijenga kwa macho," alisema. "Tumesali humu miaka yote, halijatudondokea."

Nilijisikia mwepesi mwili mzima. Nikahamishia stendi pale altareni ili picha ya kalenda itazame mlangoni, kombo na ziwa vyote vionekane. Kabla ya kubonyeza nililifunika jicho la kushoto, lile zima, kwa kiganja, nisije nikasaidiwa. Ziwa halikuinama.