Mashine Niliyoipinda Makusudi

Siku yangu ya kwanza kazini Thika nilipewa fagio. Nilikuwa nimeishia darasa la sita, na karakana ile ya vipuri vya mashine za kahawa ilijaa vijana wenye vyeti vya ufundi. Leo nasema bila aibu: hakuna hata mmoja wao aliyenifikia. Mwaka mzima nilifagia vipande vya chuma, macho yangu yako kwenye kerezo, ile mashine inayozungusha chuma ili kisu kikichonge. Nilisomea hapo hapo, kwa macho.

Foromani, msimamizi wetu, alikuwa na sheria moja: kila kinachozunguka kinyooshwe. Puli na puli, yale magurudumu ya mkanda, ziwe mstari mmoja; shafti, ule mhimili wake, isipinde hata unywele. Alitembea na rula ya chuma mfukoni, na kazi iliyopinda aliitupa kwenye pipa mbele ya watu wote.

Katikati ya miaka ya tisini alikuja mwalimu wa fizikia kutoka shule moja ya Ruiru, Mwalimu Nyokabi, na karatasi ya mchoro. Wataalamu wa nyota walikuwa wamegundua sayari kubwa iliyo karibu mno na jua lake, mwaka wake siku nne tu. Alitaka mashine ya kuzungusha kwa mkono, wanafunzi waone jinsi viwili hivyo vinavyovutana.

"Mwalimu, sisi ni watu wa kahawa," wenye vyeti wakacheka.

Mimi nikaweka fagio chini. "Nitaitengeneza."

Foromani akanitazama. "Haya, Bwana Fagio. Ikitoka sawa, kerezo la pili ni lako. Ukiniaibisha, urudi kwenu Murera ukalime."

Nilitumia wiki tatu za saa za chakula. Jua lilikuwa gurudumu la mbao nililolivisha mpira wa tyubu. Ndani ya mpira nikaweka roli mbili, vigurudumu vinavyozunguka pamoja na sayari, moja kila upande, za kuufurisha, kwa maana sayari ikivuta, jua linavimba pande mbili, kama bahari ya Mombasa inavyojaa kwa kuvutwa na mwezi. Sayari ilikuwa tufe la chuma kwenye mkono mrefu wenye skrubu. Kila mzunguko iliingia ndani kidogo. Nikachukua rula, nikanyoosha: uvimbe wa huku, uvimbe wa kule na sayari, mstari mmoja safi. Nikajisifu sana.

Mwalimu alizungusha mara moja tu. "Umekosea, Kamau."

"Wapi? Pima!"

"Umenyoosha mno. Ikiwa hivi, sayari haiwezi kuingia ndani. Jua linazunguka polepole, sayari inakimbia. Gesi ya jua inachelewa. Ikimaliza kuvimba, sayari imeshapita. Uvimbe ukibaki nyuma, unaivuta sayari irudi na kuipunguzia nguvu, na jua nalo linaburutwa mbele. Ndiyo maana sayari inasogea ndani."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Kisha nikakumbuka mkokoteni niliousukuma sokoni kabla ya fagio. Tairi ikikosa upepo, mpira unabonyea na kuchelewa kurudi. Unasukuma kama mwehu, na ukiugusa ni moto. Nguvu yako yote imeishia humo.

"Ngai! Mwalimu, kumbe jua lako ni tairi bila upepo!"

Alicheka hadi akakalia sanduku. "Nitafundisha hivyo hivyo."

Lakini sasa nilikuwa taabani. Nikiipinda, nimepoteza kerezo. Nikiiacha, nimewadanganya watoto wa watu. Nikalegeza roli, nikazirudisha nyuma ya sayari upana wa kidole, nikakaza.

Siku Mwalimu alipokuja kuichukua, foromani alitoa rula. Akapima.

"Imepinda."

"Nimeipinda makusudi, Mzee."

"Tafuta jembe, Bwana Fagio!" mmoja wa wenye vyeti akasema.

Nikamweleza foromani habari ya tairi. Akashika mpini, akazungusha, akaendelea kuzungusha. Sayari ikasogea ndani kidogo kidogo, mpira ukifura nyuma yake.

"Itaanguka lini?" akamwuliza Mwalimu.

"Bado sana, Mzee. Huenda ni mamilioni ya miaka, huenda zaidi. Hakuna ajuaye."

"Basi iko na wakati." Akarudisha rula mfukoni, akaniletea kopo la rangi nyekundu. "Andika hapo chini: USINYOOSHE. Fundi mwingine mwerevu asije akaiharibu. Ukimaliza, tia mafuta kerezo la pili. Limekauka."

Kutoka kerezo lile nilifika karakana yangu mwenyewe Ruiru, yenye jina langu mlangoni. Mashine za kahawa nilizotengeneza siwezi kuzihesabu. Sasa mgongo umekataa, nimefunga karakana. Mwezi uliopita nilipita kwenye ile shule, nikaonyeshwa mashine yangu juu ya meza ya maabara. Mpini ni mpya, rangi nyekundu bado inasomeka. Nikaizungusha mpaka sayari ikakaribia kugusa jua. Halafu nikairudisha nje, mwanzo kabisa wa skrubu, tayari kwa darasa la mchana.